Kadi ya grafiki moja kwa gemu na kwa kazi ya grafiki kwenye Linux: jinsi ya kuichagua bila kujuta

Wiki iliyopita dogo mmoja anayesoma MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya kule Iyunga, kanipigia, "Shikamoo kaka, hela ya GPU imetimia, nataka nicheze gemu ila nijifunze na Vulkan humo humo kwenye Linux, ninunue ipi?" (GPU ndiyo kadi ya grafiki, na Vulkan ni njia ambayo programu inatumia kuiamuru kadi ichore.) Jumamosi nzima tukazunguka naye Mwanjelwa na Kabwe, jioni nikaona bora niandike yote kabisa maana maswali haya nimeshaulizwa mara nyingi. Nadhani kutumia terminali unajua na kubandika kadi kwenye sloti unajua, hayo nayaruka.

Kitu kimoja kwanza. Mtu wa gemu tupu anaangalia fremu ngapi kwa sekunde, basi. Wewe unayeandika programu za grafiki unahitaji kadi ambayo picha ikiharibika unaweza kufuatilia kosa liko wapi, kwenye programu yako, kwenye draiva au kwenye chuma chenyewe. Ushauri wangu wote hapa chini unatoka hapo.

Hatua ya 1: fungua kesi, soma pawa saplai

Huku kwetu wengi tunatumia zile mashine za ofisini zilizokwishatumika. OptiPlex 7010 ya Dell ya kesi kubwa ina pawa saplai ya wati 275, ile nyembamba ina 240, na waya wa kulisha kadi kubwa hazina. Hesabu ni hizi: sloti yenyewe inatoa wati 75, waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. RX 6600 ya AMD, kadi nitakayoishauri hapa chini, inakula kama wati 132 na inataka pini 8, kwa hiyo badilisha pawa saplai kwanza, kadi baadaye. OptiPlex 7020 na 9020 zina soketi yao ya pini 8 kwenye bodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hapo tafuta na adapta yake.

Fundi akikwambia atakuungia waya wa SATA ugeuke pini 8, kataa kabisa. Soketi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 tu, ukiipitishia mia na zaidi inayeyuka, na inaweza kuwaka moto wewe umelala.

Kama kesi ni nyembamba na huna namna ya kuibadilisha, RX 6400 ya kimo kifupi inaingia bila waya wowote, inakula wati 53. Ila ina memori ya GB 4 na njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na bodi), kwenye bodi za zamani inapungua nguvu. Inakubalika kwa kujifunzia, kwa gemu nzito hapana.

Hatua ya 2: kampuni

AMD. Nasema hivyo moja kwa moja, na sababu ninazo. Draiva ya amdgpu imo ndani ya kerneli ya Linux tangu 2015, RADV ambayo ndiyo draiva ya Vulkan imo ndani ya Mesa, mkusanyo wa draiva za grafiki za Linux, yote wazi, unaweza kuyafungua ukasoma mstari kwa mstari kinachofanyika ukiita vkCmdDraw. AMD wenyewe wametoa vitabu vya maagizo ya chipu zao, kwa hiyo sheda yako, yaani programu ndogo inayoendeshwa na kadi yenyewe, ikishageuzwa lugha ya mashine unaweza kuisoma na kuielewa: weka RADV_DEBUG=shaders mbele ya programu yako utaona kila kitu. Na Steam Deck, mashine ya gemu ya mkononi ya Valve, inatumia chipu ya AMD, ndiyo maana Valve wanalipa watu wa kuinyoosha RADV, na faida hiyo inakufikia mchezaji wa gemu wa huku Uyole bila kulipa senti.

NVIDIA kwa gemu zinakimbia, na kama kazi yako ni CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi) huna njia nyingine. Tangu 2022 wamefungua sehemu ya kerneli kwa kadi za Turing (GTX 1600 na RTX 2000) kwenda juu, na kuna NVK, draiva ya wazi ya Vulkan ndani ya Mesa, inayokua vizuri. Lakini draiva yao kuu upande wa Vulkan na OpenGL bado imefungwa, ukikwama unabaki kukisia. Na GTX 900 au 1000, zile zinazouzwa sana kwa bei nzuri, usichukue kwa kazi hii: draiva ya wazi ya Nouveau haiwezi kupandisha mwendo wa chipu hizo kwa sababu inahitaji faili zenye saini ya kampuni, kwa hiyo inatambaa.

Intel Arc draiva yake iko wazi na naipenda, B580 ina GB 12. Tatizo inataka bodi yenye Resizable BAR, inayoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja, na mashine zetu nyingi za ofisini hazina, bila hiyo inapoteza nguvu nyingi mno.

Hatua ya 3: kizazi

RX 6000 kwenda juu. Chini ya hapo, RX 580 na wenzake, gemu nyingi bado zinacheza ila chuma hakina ray tracing (kufuatilia miale ya mwanga) wala mesh sheda (sheda za kujenga maumbo), na hivyo ndivyo utakavyotaka kujifunza. Memori GB 8 iwe ndiyo chini kabisa. Dogo nimemwambia RX 6600.

Hatua ya 4: kujaribu kadi ya mtumba kabla hujatoa hela

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo nilipoteza wiki mbili za usiku.

Nilinunua RX 580 ya GB 8 iliyotumika, ikaja kwa basi kutoka Dar. Deskitopu safi, video safi, gemu nyepesi safi. Nikawa naandika programu ya chembe chembe, sheda inahesabu mwendo wa chembe laki kadhaa, na kila baada ya dakika chache chembe mbili tatu zinaruka nje ya skrini bila sababu. Nikajua tu ni mimi, nimekosea kizuizi cha memori mahali (amri ya kusubiri kazi moja imalize kuandika kabla nyingine haijasoma). Nikaandika upya, nikaweka vizuizi kila kona, validation layers, wakaguzi wa makosa ya Vulkan, zikawashwa zikakaa kimya, bado zinaruka. Nikaiendesha kwa lavapipe, ile Vulkan ya ndani ya Mesa inayotumia prosesa badala ya kadi, picha ikatoka sawa ingawa polepole. Lakini hata hilo halikutosha kunisafisha, na wewe pia usidanganyike nalo: kosa la kupishana kwa kazi linaweza kujificha kwenye lavapipe kwa sababu huko mambo yanaenda kwa mpangilio mwingine kabisa. Lavapipe ikiharibika ujue kosa ni lako karibu hakika. Ikitoka sawa, bado hujajua.

Kilichomaliza ubishi ni programu ndogo inaitwa memtest_vulkan, inajaza memori ya kadi na kuisoma tena. Dakika chache tu makosa yakaanza kumiminika.

Sababu: kadi ilikuwa imechimba kripto. Wachimbaji wa Ethereum walikuwa wanabadilisha baiosi ya kadi (programu iliyomo kwenye chipu yake) ili memori ikimbie kuliko ilivyopangwa, kwao biti moja ikikosewa si hoja. Septemba 2022 Ethereum ikaacha uchimbaji, kadi kibao zikaingia sokoni na baiosi zao zile zile. Sasa sikia hii, Windows draiva ya AMD inaikataa baiosi iliyochezewa, kwa hiyo mtu anashtuka mapema. Linux amdgpu haikagui, inaipokea na kufanya kazi, unaona kila kitu kiko salama.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye Fedora ya kuwashia, omba muuzaji muiweke kadi kwenye mashine, akikataa ondoka. Kisha:

lspci -nn | grep VGA

Namba za AMD zinaanza na 1002. RX 6600 ni 73ff. Ukiambiwa RX 580 ukaona 6fdf badala ya 67df, hiyo ni ile iliyopunguzwa ya 2048SP, bei ishuke.

cat /sys/class/drm/card0/device/mem_info_vram_total

Kadi ya GB 8 inatoa namba ya tarakimu 10 inayoanzia na 85. Kama hakuna kitu jaribu card1.

cat /sys/class/drm/card0/device/vbios_version

Iandike pembeni, ilinganishe na ya toleo hilo hilo kwenye hazina ya baiosi ya TechPowerUp. Halafu terminali moja acha sudo dmesg -w inayoonyesha ujumbe wa kerneli, nyingine endesha memtest_vulkan dakika 10 au zaidi, kadi ipate moto kweli, maana kwa baridi yetu ya Juni na Julai kadi mbovu inaweza kujificha. Kosa hata moja, au mstari wenye "ring gfx" na "timeout" kwenye dmesg, rudisha kadi.

Kama umeshainunua tayari: baadhi ya kadi zina swichi ndogo ya baiosi mbili, zima mashine, isukume upande wa pili, jaribu tena. Yangu haikuwa nayo, nikairudishia baiosi ya asili kwa amdvbflash. Ukifanya hivyo hifadhi kwanza ya zamani, hakikisha mpya inaendana na mtengenezaji wa chipu za memori zako kama Samsung, Hynix au Micron, na fanya ukiwa na UPS, umeme ukikatika katikati kadi haiwaki tena mpaka uwashe kwa GPU ya ndani ya prosesa na kuandika upya. Baada ya hapo chembe zangu zikatulia, na programu ile ya mwanzo kabisa, kabla sijaanza kuibomoa, ilikuwa sawa.

Hatua ya 5: monita kwenye bodi, SSH kwenye simu

Washa GPU ya ndani kwenye baiosi ya kompyuta, chomeka monita kwenye bodi, halafu programu yako iendeshe kwa DRI_PRIME=1 ili ikimbie kwenye kadi. Sheda yako ikiigandisha kadi, deskitopu mara nyingi inabaki hai. Na weka sshd ya kuingilia mashine kwa mbali, kwenye simu weka Termux ambayo ni terminali, skrini ikiganda unaingia kwa simu na kusoma dmesg kabla hujazima. Ukicheza gemu hamishia monita kwenye kadi, tena kwa DisplayPort, kwa sababu 2024 HDMI Forum iliwakatalia AMD kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva ya wazi.

Hatua ya 6: Mesa yako mwenyewe

Ukitaka kufuatilia kosa mpaka ndani ya draiva, jenga Mesa yako. Shusha kwa git clone --depth 1, usichome bando kwa historia yote. Kisha:

meson setup build -Dprefix=$HOME/mesa -Dvulkan-drivers=amd,swrast -Dgallium-drivers=radeonsi,llvmpipe -Dbuildtype=debugoptimized

ninja -C build install

Usiiweke juu ya ile ya mfumo. Elekeza programu moja tu kwa VK_DRIVER_FILES ikionyesha faili la radeon_icd lililoko ndani ya $HOME/mesa/share/vulkan/icd.d, gemu zako ziendelee na Mesa ya kawaida. Ongeza RenderDoc, programu ya kunasa fremu moja na kuikagua. Hakikisha kwa vulkaninfo --summary, toleo la Mesa likisomeka devel ujue unaendesha ya kwako.