Kupika chai ya yaupon na kukadiria kafeini yake

Mimea mingi ya asili ya Marekani inayonyweka kama chai haina kafeini hata chembe. Yaupon, kichaka kinachoota kuanzia Virginia hadi Florida na Texas, inayo. Wengi huniuliza kama inaweza kushika nafasi ya kahawa. Inaweza, ila majani uyapime kwa gramu, usikisie.

1. Hakikisha ndiyo yenyewe. Hapa usiharakishe. Mara ya kwanza nilijaza nusu mfuko majani ya ligustru, kichaka kinachofanana nayo, ndipo nikashtuka: hayo hukaa mawili mawili yakitazamana, na kingo zake hazina meno. Ya yaupon hupishana kwenye kijiti, na ukipitisha kidole ukingoni unahisi vijimeno butu. Matunda yake mekundu yaache, yanachafua tumbo. Jina la kitaalamu, Ilex vomitoria, yaani ya kutapisha, lisikutishe. Wazungu waliwaona wenyeji wakitapika kwenye tambiko baada ya kunywa, wakalisingizia jani.

2. Chuma majani mazima, mbali na barabara na ua uliopuliziwa dawa. Osha.

3. Tandaza kwenye trei, kausha katika oveni ya nyuzi 95 za Selsiasi mpaka jani livunjike kwa mlio. Mimi hupenda yaliyokolea, kwa hiyo hupandisha hadi 150 kwa dakika kama 10 na kusimama hapohapo. Harufu ikibadilika tu, natoa.

4. Ponda, pima gramu 4, mimina mililita 240 za maji yanayochemka, funika dakika 8 hadi 10. Ukisahau, hakuna hasara kubwa: tanini yake, kitu kinacholeta ukakasi, ni kidogo, haikukwaruzi ulimi kama majani ya chai ya kawaida yaliyolala kwenye birika.

5. Sasa hesabu. Chukulia jani kavu lina kafeini asilimia 1: gramu 4 zina miligramu 40, na si zote zinazotoka. Kahawa ya arabika ina kama asilimia 1.2, haipishani sana. Tofauti iko kwenye kipimo, maana kikombe cha kahawa hula gramu 10 au zaidi za unga, na ndiyo maana hufika miligramu 95 hivi. Ukitaka nguvu hiyo, ongeza majani, si dakika.

Asilimia 1 ni makadirio tu. Vichaka hutofautiana sana, na kilichotiwa mbolea ya naitrojeni huwa kikali zaidi. Ukihamia kichaka kipya, anza na gramu 2, tena asubuhi.