Hesabu za uwiano na michanganyiko: tafuta kwanza kitu ambacho hakijabadilika

Watu wengi wakiona swali la uwiano limeandikwa kwa maneno wanakimbilia kuandika x hata hawajamaliza kusoma, alafu wanakwama hapohapo. Mi nasema achana na x kwanza. Jiulize tu fungu moja ni ngapi, na kitu gani kwenye hili swali hakijabadilika, basi.

Tuanze na fungu. Wawili wamegawana shanga kwa uwiano wa 3:5 na wa pili amemzidi mwenzake shanga 14, sasa hapo utamkuta mtu anajumlisha 3 na 5 anapata 8, anagawanya 14 kwa 8 anapata 1.75 na wala hashtuki kwamba shanga haikatwi vipande. Shida ni kwamba 14 sio jumla, ni tofauti, na tofauti ya mafungu ni 2. Kwahiyo mafungu 2 ni shanga 14, fungu moja ni 7, wa kwanza ana 21 na wa pili 35. Ile 8 ungeitumia kama ungepewa jumla ya shanga zote.

Alafu kuna mtego wa 1:4. Ukichanganya dawa na maji kwa 1:4, dawa ni sehemu gani ya mchanganyiko? Ukisema robo umeliwa, ni 1/5 yaani asilimia 20, maana mafungu yote yako 5. Mi mwenyewe hii kitu imenila maksi zaidi ya mara moja ndo maana siisahau. Na vipimo vifanane kabla hujaandika uwiano, gramu kwa gramu, sio gramu kwa kilo.

Sasa pale uwiano unapobadilika. Rangi nyekundu na bluu ziko 2:3, ukiongeza lita 6 za nyekundu zinakuwa 4:5, mwanzoni zilikuwa lita ngapi? Bluu haijaguswa, ila kwenye uwiano mmoja imeandikwa 3 na kwenye mwingine 5, kwahiyo ifanye ilingane kote, iwe 15. Ya kwanza inakuwa 10:15, ya pili 12:15. Nyekundu imepanda mafungu 2 na hayo ndo zile lita 6, fungu ni lita 3, basi nyekundu ilikuwa 30 na bluu 45. Jaribu, 36 kwa 45 ni 4:5 kweli.

Michanganyiko ya asilimia ni mawazo yaleyale. Una kilo 20 za maji ya chumvi ya asilimia 15 unataka ziwe za asilimia 10, uongeze maji kiasi gani? Usihangaike na asilimia zenyewe, fuata chumvi. Chumvi iliyomo ni kilo 3, na ukimwaga maji humo inabaki kilo 3 ileile, sasa kilo 3 ni asilimia 10 ya ngapi? Ya 30. Basi unaongeza kilo 10 za maji. Wangesema unachemsha maji yapungue mpaka chumvi ifike asilimia 20 ni hivyohivyo, kilo 3 ni asilimia 20 ya 15, kwahiyo kilo 5 zimepotea kwa mvuke.

Ukichanganya maji mawili ya chumvi, ya asilimia 10 na ya asilimia 40, upate kilo 30 za asilimia 20, angalia umbali. Kutoka 10 hadi 20 ni hatua 10, kutoka 40 hadi 20 ni hatua 20, alafu unazigeuza, yaani ya 10 inachukua mafungu 20 na ya 40 inachukua 10, ambayo ni 2:1, kilo 20 na kilo 10. Kwanini unageuza? Kwasababu jibu limekaa karibu na ile ya 10, lazima hiyo ndo iwe nyingi. Hakikisha kwa chumvi: 2 na 4 ni 6, na 6 ni asilimia 20 ya 30. Asilimia ya mchanganyiko ikikutokea chini ya 10 au juu ya 40 usiendelee hata mstari mmoja, kuna mahali umekosea, rudi juu.