Namna ya Kuisoma Dhoruba kwenye Picha za Setilaiti Mpya

Picha moja, hata iwe kali vipi, haisemi kama wingu linakua au linakufa. Zinazosema ni picha zinazofuatana, na nafuu kubwa ya setilaiti za kizazi kipya, kwa maoni yangu, ni kasi yake kuliko hata ukali wa picha.

Hatua ya 1: Chagua setilaiti. Zote hizi zimekaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi. Afrika na Ulaya tumia Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022. Mashariki mwa Amerika GOES-19, magharibi GOES-18. Asia Mashariki na Australia Himawari-9. Epuka ile inayoliona eneo lako ukingoni mwa duara la dunia linaloonekana pichani, maana huko pikseli hutanuka na mawingu hufunikana.

Hatua ya 2: Soma saa. Imeandikwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Igeuze iwe saa ya kwako kabla hujafanya lolote.

Hatua ya 3: Fungua picha ya infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho) ya mikromita 10 na kitu, kisha chezesha picha za saa mbili zilizopita. Chaneli hii, yaani aina hii ya mionzi inayonaswa, hupima joto la kilele cha wingu usiku na mchana. Rangi hupakwa na programu, kwa hiyo tazama kipimo cha pembeni. Nyekundu si lazima iwe mvua. Weka kishale juu ya kilele kimoja ukifuatilie. Tuseme kilikuwa nyuzi 5 chini ya sifuri, na dakika 20 baadaye kimefika nyuzi 25 chini ya sifuri. Wingu hilo linapanda kwa nguvu, nawe umeligundua huenda kabla halijadondosha tone. Meteosat za kizazi cha pili zilipiga duara zima kila dakika 15, kwa chaneli 12. Meteosat-12 hupiga kila dakika 10, kwa chaneli 16. GOES zinaweza kuelekezwa eneo dogo na kulipiga kila dakika moja, na hapo unaona uso wa wingu ukifurukuta kama maji yanayochemka.

Hatua ya 4: Mchana, linganisha na picha ya mwanga wa kawaida. Mawingu membamba ya juu nayo ni baridi sana, ila hayana mvua. Kwenye picha hii utaona ardhi kupitia kwao. Wingu la dhoruba ni zito na lina kivuli. Ukiona kinundu kimetokeza juu ya utandu wake bapa (sehemu ya juu ya wingu iliyotandaa), chini yake kuna hewa inayopanda kwa kasi kubwa. Kinundu kikirudi tena na tena mahali pale pale, nachukulia hatari ni ya kweli.

Hatua ya 5: Weka data za radi juu ya picha hiyo. Meteosat-12 na GOES zina kamera za kunasa mmweko wa radi, Himawari-9 haina. Idadi ikipanda ghafla, dhoruba inaongezeka nguvu. Kamera hizi hazitofautishi radi iliyopiga ardhini na iliyobaki winguni.

Hatua ya 6: Sahihisha mahali. Setilaiti hutazama kwa mshazari, hivyo wingu refu huonekana limesogea mbali na kitovu cha duara. Wingu la kilomita 15 likitazamwa kwa pembe ya nyuzi 45 husogea kama kilomita 15 kwenye ramani. Lirudishe kwanza, ndipo ulipange na rada na kutaja eneo litakalonyeshewa.