Kupeleka kikundi kidogo Chalbi na Sibiloi: maji, magari na siku kumi za safari

Hesabu ya kikundi cha kwenda jangwa la Chalbi na Mbuga ya Taifa ya Sibiloi, kaskazini mwa Kenya, huanzia kwenye maji. Kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Turkana, kwa kupitia Sibiloi, ukijumlisha mizunguko ya ndani ya mbuga, utatembea karibu kilomita 600. Visima vipo Maikona, Kalacha na North Horr, lakini ni vya watu na mifugo yao, na maji ya baadhi yake yana chumvi. Yachukulie kama bahati, usiyaingize kwenye hesabu.

Idadi inayofaa ni wageni 6. Ongeza mwongoza watalii, mpishi na madereva wawili, mnakuwa watu 10 katika magari mawili. Kila mtu apigiwe lita 10 kwa siku: 5 za kunywa, 3 za kupikia na kuoshea vyombo, 2 za kunawa. Hizo ni lita 100 kwa siku. Toka siku mnayoondoka Marsabit hadi jioni mnayoingia Loiyangalani ni siku 5, kwa hiyo lita 500, na siku moja ya akiba inafikisha 600. Ni mitungi 30 ya lita 20, yaani kilo 300 kwa kila gari kabla hujapakia hema hata moja. Ndiyo sababu kila mgeni anaruhusiwa begi laini la kilo 12 tu. Mwambie hivyo wakati wa kulipia safari, si asubuhi ya kuondoka.

Kuna sababu ya pili ya kuishia kwenye wageni 6. Gari moja likifa kabisa, dereva wake na mtu mmoja hubaki nalo pamoja na maji yao, na wanane waliobaki huingia kwenye gari la pili. Land Cruiser ya safari iliyorefushwa huwachukua wanane wakiacha mizigo nyuma. Ukiongeza wageni wawili, hesabu hii inavunjika, na wa kuachwa jangwani watakuwa wageni. Ukisikia mtu anauza safari hii kwa gari moja, hata kama wageni ni watatu, mshauri mteja akatae.

Kabla ya kuondoka Nairobi

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba na Novemba hugeuza Chalbi kuwa tope. Wengi hukosea kwa kutazama mbingu iliyo juu yao. Chalbi ni bonde, na maji yanayoshuka kutoka mlima Marsabit na vilima vya Huri huishia humo hata kama pale ulipo hakujadondoka tone. Piga simu North Horr na Kalacha siku mbili kabla, na tena mkifika Marsabit. Uliza hivi: "Lori la mwisho limepita lini, na limepita njia ipi?" Jibu la swali hilo lina faida kuliko utabiri wowote wa hali ya hewa.

Kampuni iwe na leseni ya utalii, na magari yawe na bima ya kubeba abiria wa kulipa. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Lipia mapema ukiwa na mtandao na uchapishe risiti, kwani mtandao wa simu kule haupo sehemu nyingi. Chalbi yenyewe si mbuga. Ada ni za Sibiloi. Mabanda na kambi ya Koobi Fora, eneo la utafiti wa masalia ya kale lililo ndani ya Sibiloi, viko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa hiyo omba nafasi huko, usidhani kwamba risiti ya KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, inatosha. Mkifika Marsabit ripotini polisi, muulize hali ya usalama ya wiki ile, na mkubaliane kuhusu askari wa kuwasindikiza. Ukichukua askari, kumbuka kwamba naye ana kiti na lita 10 zake.

Kila mgeni ajaze fomu ya afya: dawa anazotumia, shinikizo la damu, kisukari, mzio. Chukua bima ya kuokolewa kwa ndege kwa watu wote 10, wafanyakazi wakiwemo, na uwe na simu ya setilaiti iliyokwisha kujaribiwa. Andika kwenye karatasi viwanja vya ndege vilivyo njiani, kama vile Kalacha, North Horr na Loiyangalani, pamoja na vipimo vyake vya GPS.

Magari, mafuta na upepo wa matairi

Kwenye mchanga na mawe, Land Cruiser ya dizeli iliyobeba mzigo hunywa kama lita 20 kwa kilomita 100. Kwa kilomita 600 ni lita 120. Ongeza theluthi moja ya akiba, ni 160 kwa kila gari. Gari lenye matangi mawili ya lita 90 linatosha likijazwa Marsabit. Lenye tangi moja la lita 90 libebe mitungi minne zaidi. Dizeli inayouzwa kwenye mapipa huko mbele huweza kuwa na maji au uchafu: ichuje kwa kitambaa kizito, na beba filta mbili za akiba kwa kila gari. Usipakie maji wala mafuta juu ya paa. Gari lenye uzito juu hupinduka kwa urahisi kwenye mteremko wa kingo za lagha, yaani yale mabonde makavu ya mito ya msimu.

Kila gari liwe na matairi mawili ya akiba, tyubu mbili, viraka, kompresa, jeki mbili, koleo mbili, mabati manne ya mchanga, kamba ya kuvutia ya mita 10 au zaidi, mkanda wa feni, majani ya springi na yu-bolti zake, na kipande cha ubao mnene chenye upana wa sentimita 40 kila upande. Ubao huo husahaulika mara nyingi, na bila huo jeki huzama mchangani badala ya kuinua gari.

Upepo wa matairi ndio unaoamua kama safari itakuwa laini au itakuwa ya pancha. Kwenye lami, gari lililosheheni: psi (kipimo cha upepo wa tairi) 40 mbele, 45 nyuma. Kwenye mawe ya volkano kati ya Marsabit na Maikona na karibu na Loiyangalani: shusha hadi 30. Tairi gumu hapo hupasuka uso, na laini kupita kiasi hutoa ubavu nje ukachanwa na mawe. Kwenye mchanga na magadi ya Chalbi: 20. Pima alfajiri matairi yakiwa baridi. Mchana upepo hupanda wenyewe kwa joto, na dereva anayeupunguza saa 7 mchana ataamka kesho yake na matairi yaliyolala. Kila jioni kaza nati za magurudumu na kagua springi na shokamzoba, maana matuta madogo madogo ya barabara hulegeza kila kilicho na bolti.

Siku kumi zenyewe

Siku ya 1 laleni Archers Post, ya 2 Marsabit. Barabara yote ni lami na unaweza kuimaliza kwa siku moja, lakini wageni waliochoka hawanywi maji ya kutosha kesho yake, na joto la Chalbi halina huruma. Marsabit jazeni mafuta na maji, na hapo au Maikona mchukueni mwenyeji Mgabra, yaani wa jamii ya wafugaji wa huko, anayeijua Chalbi ya wiki hiyo. Ukilazimika kupunguza gharama, punguza chochote ila huyu.

Siku ya 3 ondokeni saa 12 asubuhi, mpite Maikona, mvuke Chalbi hadi Kalacha. Ardhi nyeupe inayopasuka chini ya kiatu ni kavu. Iliyo na rangi ya udongo uliolowa, au inayong'aa, ina tope chini ya ganda jembamba. Ukiwa na shaka, mtu atangulie kwa miguu na fimbo; ikizama kirahisi zaidi ya kiganja kimoja, zungukeni. Fuateni alama za magurudumu ya zamani. Mazigazi huonyesha ziwa mahali pasipo na maji na kuficha gari lililo kilomita mbili mbele, kwa hiyo dereva wa mbele asiendeshe kwa kufuata anachokiona kwa mbali, afuate GPS na mwenyeji. Magari yaachane kiasi cha vumbi kutulia, na la mbele lisivuke njia panda yoyote kabla halijaliona la nyuma.

Mkikwama, dereva aondoe mguu papo hapo. Magurudumu yakizunguka mahali pamoja kwa sekunde tano tu, gari hukalia tumbo. Wote washuke. Chimbeni mbele ya magurudumu yote manne, wekeni mabati, shusheni upepo hadi 16, tieni gia nzito ya pili na ondokeni polepole bila kugeuza usukani. Ikishindikana, gari la pili livute likiwa kwenye ardhi ngumu, na asisimame mtu yeyote karibu kuliko urefu wa kamba. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chasisi. Kifundo cha kuvutia trela kikikatika huruka kama risasi.

Kalacha kuna mikoma na chemchemi. Pigeni kambi mbali na maji. Ngamia huja kunywa kwa zamu ambazo wazee wamezipanga, na hema likikaa kwenye njia yao mifugo hukataa kupita. Kuni za wenyeji ni chache, kwa hiyo pikeni kwa gesi. Picha za watu zipigwe baada ya kuomba ruhusa, na malipo, kama yapo, mwongoza watalii ayapange na wazee kabla ya kamera kutoka mfukoni.

Siku ya 4 piteni North Horr hadi Sibiloi. Siku ya 5 na ya 6 ni za mbuga, na hapa mwongoza watalii anatakiwa awe amejiandaa hasa. Sibiloi ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1973, ina kilomita za mraba 1,570, na ukiingia ukitafuta makundi ya wanyama kama ya Maasai Mara utavunjika moyo. Utajiri wake uko ardhini. Timu ya Richard Leakey, mtafiti Mkenya wa asili ya binadamu, ilianza kuchimba Koobi Fora mwaka 1968, na mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaokota vipande vya fuvu la binadamu wa kale linalojulikana kwa namba 1470, lenye umri wa karibu miaka milioni 2. Fuvu limehifadhiwa Nairobi, basi wapeleke wageni Makavazi ya Nairobi kabla ya safari, ili wakisimama Koobi Fora wajue wanasimama wapi. Mbugani wataona masalia ya tembo, kobe mkubwa na mamba yaliyoachwa palepale yalipopatikana, na msitu wa miti iliyogeuka mawe.

Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inakataza kuondoa masalia. Waeleze wageni na sababu: mfupa ukihamishwa hata mita moja, mtafiti hupoteza tabaka la udongo linalompa umri wake. Hata kipande cha mti-jiwe kinachotosha kiganjani kibaki chini.

Matembezi yawe saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na tena baada ya saa 10 jioni. Katikati hapo ni kivuli na maji. Usimwachie mgeni anywe akisikia kiu. Kila nusu saa mwongoza watalii asimame na wote wanywe pamoja. Mkojo wa njano iliyokolea ni onyo. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mweke kivulini, mpe ORS, yaani pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Zikiisha, lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akianza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa, huo ni ugonjwa wa joto unaoua: mvue, mlowesheni mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na mwingine apige simu ya ndege wakati huohuo. Hapa zile lita 100 za akiba zinatumika bila kuhesabu.

Ziwa Turkana linavutia kuoga, na lina mamba wengi wa Naili. Hakuna mgeni anayeingia majini, hata magotini. Maji yake ni ya magadi, hayafai kunywa kwa muda mrefu. Usiku viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa na kila mtu atembee na tochi, kwani nyoka wadogo wenye sumu kali na nge hutoka kuwinda baada ya jua kutua.

Siku ya 7 rudini North Horr na kushuka Loiyangalani. Upepo wa kusini-mashariki hapo huvuma kwa nguvu kubwa usiku hadi asubuhi na kupungua mchana, hivyo kambi inayoonekana tulivu saa 9 alasiri huwa vita saa 9 usiku. Mlango wa hema uelekee kaskazini-magharibi, gari liegeshwe upande wa upepo, na kamba zifungwe kwenye mawe mazito au magunia ya mchanga. Vigingi vya kawaida hung'oka. Siku ya 8 tembeleeni Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi wa ziwa hili, na makavazi ya jangwa yaliyo pale. Jioni, wageni watapenda kusikia kwamba Samuel Teleki, mpelelezi kutoka Hungaria, alipofika ziwa hili Machi 1888, msafara wake ulikuwa umetoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, na mizigo ilibebwa na wapagazi wa pwani.

Siku ya 9 na ya 10 ni za kurudi Nairobi. Tokeni kwa barabara ya Laisamis, inayopita kwenye mitambo 365 ya umeme wa upepo. Mkiikaribia lami, simameni, acheni matairi yapoe dakika 20, kisha jazeni upepo hadi 40 na 45. Tairi lenye psi 20 likikimbizwa kwenye lami kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupata moto na kupasuka, na gari bado limebeba watu watano.