Wasilisho la Majaribio Kabla ya Kongamano

Ikiwa wewe ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu na makala yako imekubaliwa katika kongamano kama lile la CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani), fanya wasilisho la majaribio angalau wiki mbili kabla ya safari, ili upate muda wa kubadili hoja na si kurekebisha tahajia tu. Alika wenzako watano au sita, baadhi yao wawe wa fani nyingine, kwa kuwa msikilizaji asiyejua fonolojia, yaani taaluma ya mifumo ya sauti za lugha, ndiye atakayekuonyesha ulichodhani kila mtu anakifahamu. Mmoja wao ashike saa. Ukipewa dakika 20, panga kuzungumza 15, maana wenyeviti wa vikao hawana huruma.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kutumia dakika nane kueleza usuli na nadharia, kisha kuyakimbiza matokeo huku slaidi zikipita bila kusomeka. Afadhali uanze na swali la utafiti, kisha uonyeshe data mapema, hata kama ni sentensi mbili tu ulizozirekodi uwandani. Wakati wa maswali usijitetee: andika kila swali kama lilivyoulizwa, hasa lililokukwaza, na baada ya siku tatu urudie zoezi zima bila kusoma karatasi.