Kijapani: acha MeCab ikuonyeshe kitenzi chenye mkia mrefu

Kama unasoma Kijapani na sentensi inakugomea, ibandike kwanza kwenye MeCab (programu ya bure inayokata sentensi ya Kijapani vipande vipande), usikimbilie tafsiri, afu tafuta kitenzi chenye vipande 3 au zaidi nyuma yake. Mfano 食べさせられた inakatwa 食べ・させ・られ・た, yaani kula, kufanya mtu afanye, kutendwa, wakati uliopita: alilazimishwa kula. Sisi mzigo mwingi tunaubandika mbele ya kitenzi, wao wanaurundika nyuma, ndo maana jicho linapotea. Ila kwa misemo MeCab inakuangusha vibaya, わけにはいかない itakatwa vipande vyepesi vyepesi na utadhani ni habari ya kwenda mahali, kumbe ni “siwezi kufanya hivyo, haifai”. Hapo weka kipanya kwenye わ ukiwa na Yomitan (kiongezi cha kivinjari kinachokuonyesha maana ya neno kwenye kamusi), yenyewe inatafuta msemo mrefu kwanza.