Kuomba kazi ubalozini ukiwa Lubumbashi: dosie hufia kwenye jina

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Lubumbashi anayeomba kazi za wenyeji katika balozi zilizoko Kinshasa: dereva, mhasibu, fundi umeme, mtu wa logistiki, msaidizi wa ofisi. Mfano mkuu ni ubalozi wa Marekani. Ukiishinda fomu yake, nyingine hazitakutoa jasho sana.

Hatua ya 1. Tangazo

Lichukue kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Kwa Wamarekani ni cd.usembassy.gov, na maombi hupitia mfumo wao wa mtandaoni unaoitwa ERA. Waingereza hutumia fco.tal.net. Tangazo likikufikia WhatsApp au ukiliona mediacongo.net, usijaze chochote kabla hujaliona kwenye tovuti hizo. Anayedai pesa "ya dosie" ni mwizi, hata barua yake ikiwa na mhuri.

Hifadhi tangazo lote kwa PDF siku hiyohiyo. Muda ukiisha huondolewa, na siku ya usaili utalihitaji.

Hatua ya 2. Akaunti

Imeli yenye jina lako, nenosiri uliloandika kwenye daftari, namba ya simu inayoanza na +243 bila ile 0 ya mbele. Basi.

Hatua ya 3. Jina

Hapa ndipo watu wazuri wanapopotea. Fomu ina visanduku vitatu: First name, Middle name, Last name. Kadi yetu ya mpiga kura nayo ina mistari mitatu: nom (jina la ukoo), postnom (jina linaloifuata nom), prénom (jina la Kikristo au la kuitwa). Vinalingana kwa idadi tu. Anayejaza kwa kufuata kadi kutoka juu kwenda chini anaweka jina la ukoo mahali pa prénom, kisha pasipoti, diploma na fomu zinasomeka kama za watu tofauti.

Jaza hivi: prénom iende First name, postnom iende Middle name, nom iende Last name. Kadi ikisema Ilunga, halafu Kabwe, halafu Marie, basi First name ni Marie, Middle name ni Kabwe, Last name ni Ilunga. CV ifuate mpangilio huohuo. Tena usijiite Marie Ilunga kwenye CV na Kabwe Marie kwenye imeli.

Shida ya pili ni ya waliosoma zamani. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo kwenye karatasi za serikali, ndiyo maana diploma nyingi za wakati wa Zaïre hazina prénom. Fundi wa miaka 58 ana diploma yenye majina mawili na kadi yenye matatu. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, lakini msomaji wa dosie huenda hajawahi kuliona. Kama fomu ina sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, andika pale jina kama lilivyo kwenye diploma, herufi kwa herufi. Kama haina, weka mstari mmoja chini ya jina kwenye CV: "Diploma ya 1986 imetolewa kwa jina la fulani."

Ya tatu ni tahajia. Ngoy na Ngoie, Tshibangu na Chibangu, Mwamba na Muamba: karani mmoja anaandika kwa sikio, mwingine kwa Kifaransa. Chagua moja na ushikamane nayo. Ushauri wangu: fuata pasipoti kama unayo, kama huna fuata kadi ya mpiga kura. Usifuate diploma, kwa sababu mlinzi wa getini hataangalia diploma. Tofauti ya herufi moja ielezee kwenye CV na uende komini (ofisi ya manispaa) kuuliza karatasi ya kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni mtu mmoja. Tofauti ya tarehe ya kuzaliwa ni jambo zito zaidi: huenda ikahitaji hukumu ya mahakama, na hiyo haiishi kwa wiki moja. Ianze leo hata kama hakuna tangazo. Na usikubali kamwe "rafiki wa saiba" (duka la intaneti) akurekebishie tarehe kwenye skani. Ukaguzi wa usalama hufanyika baada ya kuchaguliwa, na karatasi iliyochezewa hukuondoa kabisa.

Fomu ikikataa aksan (alama kama ile ya é) au kiapostrofi, andika bila. Hilo halina madhara.

Hatua ya 4. Masomo

Usiandike "Licence" peke yake. Katika mfumo wa zamani licence ni miaka 5 baada ya diploma ya État (ya kumaliza sekondari): 3 ya graduat na 2 ya licence. Katika LMD (mfumo mpya wa licence, master, doctorat), iliyoanza mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka 3. Neno ni moja, uzito ni mbalimbali. Andika: "Licence, mfumo wa zamani, miaka 5 ya chuo kikuu," au "Graduat, miaka 3." Wakitaka shahada ya miaka 4, msomaji ahesabu mwenyewe bila kukisia.

Alama pia. 72% kwetu ni Distinction, maana Distinction huanzia 70. Mgeni akiona 72 bila neno hilo atadhani ulipita kwa shida. Andika vyote viwili.

Hatua ya 5. Kazi ulizofanya

Kila kazi: mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kuisha, saa kwa wiki. Sanduku la saa usiliache tupu, kwa sababu nusu siku kwa miaka 2 inaweza kuhesabiwa mwaka 1. Kamwe usiandike "tazama CV".

Majukumu yaandike kwa namba. "Nilishughulikia magari" haisemi kitu. "Magari 6, matengenezo kila kilomita 5,000, daftari la mafuta kila siku" inasema. Waingereza huuliza mifano ya mwenendo kazini, mara nyingi kwa maneno 250: hali, jukumu, ulichofanya wewe, matokeo. Wewe, si "sisi".

Andika majibu yote kwanza nje ya fomu, kwenye maandishi ya kawaida, kisha unakili. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme katikati ya ukurasa, fomu haitakusubiri.

Lugha: usijipandishe. Ukidai Kiingereza cha kufanyia kazi, kinapimwa, wakati mwingine kwa simu isiyotangazwa.

Hatua ya 6. Skani

Karatasi halisi, si fotokopi ya fotokopi. Karibu na dirisha, bila flash, hasa kama diploma imeplastifiwa. Kijivu, dpi 200 inatosha. Rangi kwa dpi 300 huzaa faili nzito bure. Picha ukiituma WhatsApp, itume kama dokima (faili, si picha), la sivyo inabanwa na mhuri hausomeki. Jina la faili: Ilunga_Diploma.pdf, si IMG_4471.

Hatua ya 7. Kutuma

Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Tangazo likisema 23:59 ya Kinshasa, hapa ni 00:59 ya kesho yake. Saa hiyo ya ziada usiitegemee. Tuma siku mbili kabla, asubuhi, mtandao ukiwa mwepesi. Lakini kwa usaili wa video ikumbuke: saa 10:00 yao ni 11:00 yetu, na anayeingia mapema sana humaliza megabaiti akingoja.

Ukishatuma, subiri imeli ya uthibitisho na uipige picha. Laini ya simu usiibadilishe. Ukichaguliwa, bado kuna uchunguzi wa afya na wa usalama, ambao unaweza kuchukua miezi. Casier judiciaire (cheti cha rekodi ya jinai) usiichukue kabla hujaombwa, kwa sababu mara nyingi hutakiwa ya karibuni. Barua ya kuacha kazi uliyonayo iandike siku utakayopokea tarehe ya kuanza kwa maandishi.